Msikate maneno ya mtangazaji

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua za wasomaji. Nina ombi kwa kila mwenye kanda za zamani, na nina swali kwa wazee wa Kigoma, Ujiji na Tabora waliocheza dansi miaka ya sabini hadi mwanzoni mwa themanini. Ombi na swali vyote vimetoka kwenye kaseti moja aliyoniachia marehemu mjomba wangu, kwa hiyo mniwie radhi nikianza na habari zake.

Mjomba alikuwa fundi mitambo kwenye meli za Ziwa Tanganyika. Safari za kusini hadi Mpulungu zilikuwa ndefu, na kila aliporudi alikuwa na kitenge cha mkewe na kaseti tupu zake mwenyewe. Akiwa nchi kavu, usiku baada ya kula, alikaa barazani kwake Mwanga na redio kaseti ya spika mbili, akiyasaka masafa mafupi. Aliyekulia Kigoma anajua usiku ulivyokuwa ukileta vituo: Bujumbura na Lubumbashi, kisha Kinshasa, BBC, Ujerumani, Sauti ya Amerika. Alichokipenda alikirekodi.

Alikuwa na desturi ambayo nyumba nyingi zilikuwa nayo. Muziki ukiisha na mtangazaji akifungua mdomo, kidole cha mjomba kilikuwa tayari kwenye kitufe cha kusimamisha. Kaseti ya dakika 60 ina nusu saa tu kila upande, fedha ilikuwa ngumu, na dukani huenda usikute nyingine. Nani amalize utepe kwa maneno ya mtu asiyeimba? Wimbo mpya ukianza, kidole kinaachia. Ndiyo maana kanda zake ni muziki mtupu kutoka mwanzo hadi mwisho, na ndiyo maana hakuna hata wimbo mmoja uliotajwa jina.

Kwenye kaseti hii, upande wa kwanza una vipande viwili vya jazi ya Kimarekani visivyo na mwimbaji. Kuna saksafoni, piano, besi kubwa ya kusimama na dramu. Juu ya hivyo kuna chombo ambacho kilinitesa tangu nikiwa kijana. Noti inaanza mahali fulani, halafu inateleza hadi mahali pengine bila kukatika, kama mtumbwi uliosukumwa ukaachiwa kwenye maji yaliyotulia. Tena si noti moja: sauti mbili zinalia pamoja, moja inabaki palepale na nyingine inapanda. Mimi ni fundi wa redio, nimetengeneza vipaza sauti vya bendi, nimekaa na wapiga gita wengi. Gita la kawaida halifanyi hivyo.

Niliuliza sana. Mpiga kinanda mmoja wa kanisani aliniambia hicho ni kinanda cha umeme. Fundi mwenzangu alishikilia kwamba ni fidla. Mzee mmoja wa Ujiji, aliyekuwa na santuri za zamani kabla ya Uhuru, ndiye aliyekaribia: alisema ni gita la Hawaii, lile linalolazwa mapajani na kupigwa kwa kipande cha chuma badala ya vidole kubana nyuzi. Ufundi huo kweli ulitoka visiwa vya Hawaii mwishoni mwa karne ya 19, na anayetajwa zaidi kuwa mwanzilishi wake ni kijana aliyeitwa Joseph Kekuku. Lakini gita la Hawaii la kawaida likiteleza, nyuzi zote zinateleza pamoja, kwa sababu chuma ni kimoja na kinazigusa zote. Kwenye kanda ya mjomba uzi mmoja ulikuwa unapanda peke yake huku wenzake wametulia. Hapo maelezo ya mzee yalikwama, na yangu pia.

Mwanga wa kwanza ulitoka Nigeria. Nilipata kanda ya King Sunny Ade, ile albamu yake ya 1982 iliyotolewa na kampuni ya Island, na katikati ya zile ngoma nyingi za juju, muziki wa kwao Nigeria, nikasikia sauti ileile inayoteleza. Mpigaji wake ni Demola Adepoju, na chombo chake ni gita la chuma la pedali. Jina nikawa nimelipata, ingawa muziki haukuwa ule.

Naomba nieleze chombo hiki kidogo, maana kama fundi kilinivutia sana nilipokielewa. Ni gita lisilopakatwa. Linakaa juu ya miguu minne kama meza nyembamba, na mpigaji anaketi nyuma yake. Shingo moja huwa na nyuzi 10, na mengi yana shingo mbili. Mkono wa kushoto unaburuza fimbo fupi ya chuma juu ya nyuzi, wa kulia unadonoa. Chini kuna pedali, na kwenye magoti kuna wenzo ndogo. Pedali imeunganishwa kwa vyuma vyembamba hadi kwenye ncha ya uzi, ukiikanyaga inauvuta uzi huo tu, au nyuzi mbili zilizochaguliwa, na sauti inapanda wakati bado inalia. Mguu mwingine uko kwenye pedali ya sauti, unakuza au kupunguza. Mikono miwili, miguu miwili na magoti, vyote vinafanya kazi kwa wakati mmoja. Kumbe zile sauti mbili, moja imetulia na nyingine inapanda, zilikuwa zinatoka mguuni!

Chombo hiki nyumbani kwake ni muziki wa kantri wa Marekani. Hapo ndipo msako ulipokuwa mgumu, kwa sababu anayejua kantri hakujua jazi, na anayejua jazi hakutarajia kulikuta gita hilo huko. Santuri ya jazi inayoongozwa na gita la pedali ilikuwa kitu adimu hata kwao.

Mwaka juzi mtoto wa dada yangu alikuja likizo na simu yenye programu inayotambua nyimbo. Tukaiwekea kaseti. Haikutambua kitu. Yeye akasema ni makelele ya masafa mafupi, mimi nikashuku mwendo wa kanda. Wasomaji wa umri wangu wanakumbuka miaka ile betri zilivyokuwa adimu. Tulizianika juani zipate nguvu kidogo, tukazirudisha kwenye redio. Ukirekodi kwa betri zilizochoka, mota inazunguka polepole. Baadaye ukicheza kanda hiyo kwenye mashine yenye umeme kamili, kila kitu kinakwenda mbio na sauti zinapanda juu. Sikio la binadamu linasamehe, lakini simu haisamehe.

Sasa nirekebishe mwendo kwa kipimo gani, na sijui wimbo wenyewe unapaswa kusikika vipi? Kipimo kilikuwa ndani ya kaseti. Baada ya vipande vile viwili mjomba alikuwa amehamia BBC, na kwa mara moja alichelewa kubonyeza. Zikanaswa zile alama za saa kabla ya taarifa ya habari, milio mitano mifupi na wa sita mrefu. Kutoka mwanzo wa mlio wa kwanza hadi mwanzo wa ule mrefu ni sekunde 5 kamili, na mlio wenyewe una mitetemo 1,000 kwa sekunde. Kwenye kaseti ya mjomba sekunde hizo hazikutimia. Nikaingiza bisibisi kwenye tundu la nyuma ya mota, nikaipunguza kasi taratibu, nasikiliza, napima, napunguza tena, hadi zikatimia. Nikarudisha kanda mwanzo. Simu ikatambua.

Ni albamu inayoitwa Steel Guitar Jazz, iliyorekodiwa New York mwaka 1963 na kutolewa na kampuni ya Mercury. Mpiga gita ni Buddy Emmons. Kipande cha kwanza cha mjomba ni Bluemmons, bluzi aliyoitunga mwenyewe, na cha pili ni Oleo, utunzi wa Sonny Rollins. Nilikaa kimya muda mrefu, ndugu Mhariri. Miaka yote hiyo nilikuwa namjua mtu huyu kwa namna anavyoteleza tu, sasa nikawa na jina lake.

Na si lake peke yake. Saksafoni ni Jerome Richardson, piano ni Bobby Scott, besi ni Art Davis, dramu ni Charlie Persip. Persip alikuwa amepiga katika bendi kubwa ya Dizzy Gillespie. Art Davis alikuwa amepiga na John Coltrane. Hao wawili ni vigogo wa jazi. Yaani kijana wa kantri, aliyezaliwa 1937 Mishawaka huko Indiana, aliyefundishwa utotoni gita la mtindo wa Hawaii, aliyekuwa amezunguka na waimbaji wa Nashville tangu akiwa na miaka 18, alikwenda New York akiwa na miaka 26 akakaa katikati ya wanajazi waliokomaa, na chombo ambacho wengi wao hawakuwa wamekizoea. Ukisikiliza hauoni mgeni akibembelezwa. Anapewa nafasi yake na anaijaza. Emmons alikuwa pia mtengenezaji: miaka ya hamsini alishirikiana na mwenzake kuanzisha kiwanda cha magita haya kiitwacho Sho-Bud, na baadaye magita yaliyobeba jina lake mwenyewe. Alifariki 2015. Mjomba alikuwa ameshatangulia.

Kinachoniuma ni kwamba majina haya yote huenda yalitajwa barazani kwetu usiku uleule. Naamini mjomba alikuwa anasikiliza kipindi cha jazi cha Sauti ya Amerika, kilichoendeshwa na Willis Conover tangu 1955 hadi alipofariki 1996. Conover alisema Kiingereza taratibu na kwa kutamka wazi, makusudi, ili wasikilizaji wa nchi nyingine wamfuate, na alikuwa mtu wa kutaja wanamuziki wake. Kwenye kanda, baada ya Bluemmons, unasikia mtu anavuta pumzi. Halafu ‘tak’, kitufe. Simlaumu mjomba hata kidogo, alikuwa anatunza utepe. Lakini sekunde kumi za maneno zingenipa mwaka ule nilichokuja kukipata nikiwa na mvi.

Sasa nigeuze kaseti.

Upande wa pili ni dansi ya hapahapa. Ameirekodi mwenyewe kwa maiki ya ndani ya redio, kwa hiyo unasikia viti, chupa, mtu anayecheka karibu na mashine. Bendi ina saksafoni mbili na tarumbeta, magita matatu ukihesabu besi, na tumba. Kwenye kibandiko mjomba ameandika kwa kalamu ya bluu: “Dansi. Idi.” Basi. Idi ipi, mwaka gani, ukumbi gani, hakuna. Wimbo mmoja ni wa mtu anayesubiri treni ya bara iliyochelewa, mpenzi wake yumo ndani. Mwingine unawasalimu watu wa Bangwe, Kibirizi na Ujiji kwa zamu, na ukumbi unaitikia kila mtaa ukitajwa.

Wimbo wa tatu ndio ulionifanya niandike barua hii. Katikati yake mpiga solo anaacha kubana nyuzi na kuanza kuteleza. Hana pedali, hilo nalisikia wazi, nyuzi zinapanda na kushuka pamoja. Nadhani ana shingo ya chupa au kipande cha bomba kidoleni. Lakini anateleza kwa akili, anasubiri saksafoni zimalize, anaingia chini yao, anapanda nazo. Sijawahi kusikia solo ya namna hiyo katika muziki wetu wa dansi, na nimesikiliza mwingi. Ukumbi unapiga kelele. Mjomba aliyejua vizuri kilichokuwa upande wa kwanza lazima alisisimka kuliko wote, na huenda ndiyo maana aliuweka wimbo huo kwenye kaseti ileile.

Wimbo unapoisha, mtu anashika maiki na kusema: “Makofi kwa kijana wetu wa solo, anaitwa...” Halafu ‘tak’.

Nimewapelekea wazee kanda hii. Wengine wanasema ni Lake Tanganyika Jazz, bendi ya hapa Kigoma. Wengine wanasema hapana, hizo saksafoni ni za Tabora, bendi zilikuwa zinapanda treni kuja kupiga sikukuu huku. Inawezekana, maana Tabora imekuwa mji wa muziki tangu enzi za Kiko Kids na Salim Zahoro, na baadaye Tabora Jazz na mtindo wao wa Segere Matata. Mtu wa kutuamulia angekuwa marehemu Shem Karenga, mtoto wa Kigoma aliyeanzia Lake Tanganyika Jazz kabla ya kwenda kung’ara Tabora. Alifariki mwaka 2014, kabla sijaanza kuuliza swali hili kwa bidii. Waliobaki ni wachache na wanazidi kupungua.

Kwa hiyo leo naweza kukutajia aliyepiga dramu New York mwaka 1963, siwezi kukutajia aliyepiga solo kilomita chache kutoka kwangu. Huyo wa New York aliandikwa kwenye karatasi studio, na kampuni ikaitunza karatasi. Wetu aliandikwa kwenye hewa, na mdomo wa mshereheshaji. Bendi nyingi zilizorekodiwa Redio Tanzania zilitambulishwa na mtangazaji kabla ya wimbo, na nyingi zilizochapwa kwenye santuri Nairobi zilipata jina la bendi na la mtunzi tu kwenye kibandiko. Wapiga magita, saksafoni na tumba walitajwa ukumbini na redioni, yaani katika maneno yale tuliyokuwa tunayakata.

Na bado tunayakata! Jirani yangu alipeleka kaseti za baba yake kwenye studio moja mjini zihamishiwe kwenye flashi. Alirudishiwa nyimbo safi, kila moja peke yake, makofi yameondolewa, mshereheshaji ameondolewa, hata vicheko vimeondolewa. Kijana wa studio alidhani amefanya kazi nzuri, na kwa alivyofundishwa alifanya. Kaseti zenyewe zilikuwa zimetupwa. Ningejua mapema ningekwenda kuzichukua kwenye hilo jalala kwa mikono yangu.

Ombi langu basi ni hili. Mwenye kanda, akizihamisha, aache kila kitu: mtangazaji, salamu, alama za saa, mtu anayekohoa, jina la duka linalotangazwa katikati. Ukitaka kuwa na nakala ya kuchezea harusini ikatwe utakavyo, lakini ile nzima ibaki. Kaseti yenyewe usiitupe hata ikikwaruza. Mara nyingi kilichokufa ni kile kipande kidogo cha sponji kinachobonyeza utepe kwenye hedi, na hicho kinabandikwa kingine kwa dakika chache, fundi yeyote wa rika langu atakufanyia. TBC, ambao wamerithi maktaba ya kanda ya Redio Tanzania, nawaomba kwa heshima: mnapozihamisha kanda zile kwenye kompyuta, maneno ya mtangazaji kabla na baada ya wimbo yahesabiwe kuwa sehemu ya wimbo. Na vijana mnaoweka dansi ya zamani mtandaoni, mnafanya kazi kubwa na nawasikiliza kila siku, acheni mtangazaji amalize.

Swali langu ni kwa waliokuwepo. Dansi ya Idi, Kigoma au Ujiji, kati ya mwishoni mwa miaka ya sabini na mwanzoni mwa themanini. Saksafoni mbili na tarumbeta. Wimbo wa treni iliyochelewa. Kijana wa solo anayetelezesha kitu kidoleni, na watu wakashangilia. Kama ulikuwa mpigaji, au ulibeba vyombo, au uliuza tiketi mlangoni, au dada yako alikuwa mchumba wa mmoja wao, nakuomba umwandikie Mhariri, naye ana anwani yangu. Nakala ya wimbo nitakupa bure, uisikilize kwanza kabla ya kusema lolote. Jina la utani tu linatosha kuanzia.

Fundi wa redio,
Mwanga, Kigoma